Umekulia kwenye mlenda halafu unaogopa utelezi wa oti, hii nafaka ya uji inayoandikwa "oats" kwenye pakiti?

Juzi kaka mmoja kaniandikia inbox, hata salamu hakuna, "dada oti zako nimepika zimekuwa kama kamasi, nimemwaga sufuria nzima, hela yangu imeenda". Nikamuuliza uko wapi, akasema Chang'ombe, hapahapa Dodoma. Nilicheka jamani. Kaka, mlenda unakula? Ule unaoteleza mpaka tonge linashuka lenyewe na vidole unalamba? Sasa uji ukivutika kidogo unamwaga kwa nini?

Ule utelezi ndo oti yenyewe. Ina nyuzinyuzi zinazoyeyuka kwenye maji, wataalamu wanaziita beta-glukani, zikipata moto zinavimba uji unakuwa mzito, na hizohizo ndo zinasaidia kushusha lehemu mbaya (kolesteroli) kwenye damu na kufanya sukari isipande kwa kasi ukishakula. Inayotajwa ni gramu 3 za hiyo beta-glukani kwa siku, na kikombe kimoja cha oti kavu, kama gramu 80 hivi, kinakufikisha hapo au karibu na hapo. Kwa hiyo kaka ulichomwaga ni kile ulichokilipia hela.

Mimi oti nilianza kwa shida sio kwa fasheni. Ofisi ilipohamia Dodoma, halafu tena kutoka mjini tukapelekwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali nje ya mji, asubuhi yangu iliharibika kabisa, natoka nyumbani bado giza, huku June na July ule upepo wa Dodoma mnaujua unavyokata masikio, nafika nakunywa chai ya maziwa yenye sukari za kutosha na vitumbua, saa nne macho yanafumba mbele ya kompyuta, saa sita nina njaa nakaribia kugombana na watu. Uji wa uwele ninaupenda, nisidanganye, lakini uwele unataka muda na mimi muda sina. Oti dakika tano nimemaliza. Nikanunua nikaanza kupika.

Sasa kilichoniuma. Wifi yangu alikuja kutusalimia, akapita jikoni akafunua sufuria, akarudi sebuleni kwenye wageni na kicheko, "kumbe kaka yangu siku hizi analishwa chakula cha farasi". Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka, na huyo ndo aliniuma kuliko hata wifi. Sikujibu, niligawa chai nikanyamaza. Ni kweli huko Ulaya farasi wanalishwa oti, sikatai, lakini na watu wa Scotland wamekula hizohizo kwa karne nyingi na hakuna aliyeota mkia. Hilo jibu nililipata usiku nimelala, ndo nilivyo.

Haukupita muda mrefu baba mkwe akapimwa hospitali akaambiwa lehemu iko juu apunguze mafuta, akaja kukaa kwetu apate kliniki kwa karibu. Mzee wa watu wa ugali wa uwele, siku ya kwanza aliangalia bakuli kama limemkosea. Nikamwekea karanga za kutwanga na chumvi, sukari sikuweka. Akamaliza. Siku hizi nikichelewa kuamka nasikia kikohozi chake nje ya jiko, "mkwe, ule uji wako upo?" Dawa zake anameza kama alivyoandikiwa, msije mkaenda kusema nimesema oti inatibu. Na wifi naye sasa anatuma bakuli na mtoto kuja kuchukua wa kwake. Samahani sijaisikia mpaka leo ila bakuli linakuja.

Haya kupika. Kwanza angalia umenunua nini. Zile bapa ni nzuri, zinaiva dakika tano mpaka saba. Zile zilizosagika zaidi zinaiva dakika moja mbili ila zinakuwa rojo haraka, na zile za vipaketi vyenye ladha mara nyingi zimeshatiwa sukari, soma pakiti kabla hujampa mgonjwa wa kisukari. Kuna na zile za punje zilizokatwakatwa, hizo zinataka karibu nusu saa, waachie wenye likizo.

Oti kikombe kimoja, maji vikombe viwili, na chumvi kidogo TANGU MWANZO. Wengi wanaosema oti haina ladha hawajaweka chumvi, hilo tu. Ukitaka uji laini weka oti kwenye maji ya baridi ndo uwashe jiko, ukitaka punje zionekane subiri maji yachemke kwanza. Moto wa wastani, mwiko usitoke mkononi. Halafu Dodoma tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, huku maji yanachemka kwenye kama nyuzi 96 wala hayafiki 100, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ongeza kidogo, usipakue mbichi ukaja inbox kunisema.

Maziwa yanaingia mwishoni. Ukiyaweka mwanzo yanashika chini na yakifurika unasafisha jiko badala ya kuwahi gari. Yawe yameshachemshwa, haya ya kuletwa na baiskeli mlangoni usiyaamini kwa uso wa muuzaji.

Juu yake sasa weka vya kwetu. Karanga zilizokaangwa ukatwanga, zabibu kavu, ndizi mbivu, unga wa ubuyu ukitaka uchachu, asali ya Manyoni au Singida (mtoto ambaye hajafikisha mwaka usimpe asali kabisa). Karanga chagua punje moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, hata kuku usimpe. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, sio hadithi, mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye hiyo kitu, na karanga nayo inashika vilevile, na kukaanga hakuiondoi yote.

Na nyie dada zangu mnaoniambia "oti ni za wenye hela" kwa sababu mmeona video mtu anaweka stroberi na mbegu za ajabu, nani kakutuma stroberi? Tunaishi kwenye mji wa zabibu, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, unalilia stroberi! Tupike tule jamani, tuache kupikia simu. Watoto wanaenda shule na chai ya rangi na andazi moja halafu tunawafokea hawaelewi hesabu. Amka mapema kidogo, chumvi, maji, mwiko, basi.

Ila nikuambie ukweli, kama ndani una unga wa uwele au ulezi na asubuhi yako haina haraka, pika huo, kilo moja ya oti hela yake inanunua uwele mwingi tu na ulezi unaishinda oti mbali kwa madini ya chokaa. Mimi nachanganya, Jumamosi na Jumapili uwele, siku za kazi oti.

Kaka wa Chang'ombe, ukibakisha usimwage tena. Ukipoa unaganda, hiyo ni kawaida, ongeza maji ya moto unarudi. Au vunja yai humo, unga wa ngano vijiko viwili, kitunguu, chumvi, kaanga kwenye mafuta kidogo ya alizeti uwe mwembamba unavyofanya chapati za maji. Wanangu uji wenyewe wanasuasua, hizo wanagombania.