Kabla ya kuulaumu ukuta wa moto kwenye seva inayopiga simu

Kwa mnaoanza kuhudumia seva za Linux zinazopata intaneti kwa kupiga simu, iwe kwa modemu ya waya au kwa ile ya USB inayopiga *99# kama ilivyozoeleka hapa Kigoma, ushauri wangu ni kwamba msiuguse ukuta wa moto (firewall, kanuni zinazoruhusu au kuzuia mawasiliano) kabla ya kuthibitisha kuwa laini yenyewe ni nzima. Tazameni kwa ip addr kama ppp0, yaani kiolesura cha laini ya simu, ipo na imepewa anwani, pingini (jaribuni kwa amri ya ping) anwani ya nje kwa namba, kisha ndipo mjaribu kwa jina. Namba zikijibu na majina yakagoma, chunguzeni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za namba, kwa kuwa mara nyingi iliyosahaulika ni kanuni ya kuruhusu UDP kwenye mlango wa 53.

Laini ikiwa nzima, someni hesabu kwanza. Amri ya iptables -L -v -n, ya programu inayosimamia ukuta wa moto, huonyesha kando ya kila kanuni idadi ya pakiti (vipande vya data) zilizoiangukia; rudieni kile kinachokwama, tazameni tena, na kanuni ya DROP, yaani ya kutupa pakiti, ambayo namba yake imepanda ndiyo ya kuhojiwa. Msiiache ile -n, maana bila hiyo programu hutafuta jina la kila anwani, na DNS ikiwa imezibwa mtabaki mmekodolea skrini macho mkidhani mashine imeganda.

Hitilafu ninayokutana nayo kuliko zote hutokana na anwani. Mtu huandika jioni kanuni zinazotaja anwani ya wakati huo, zikafanya kazi vizuri. Usiku umeme ukakatika, modemu ikapiga upya na kupewa anwani nyingine, na asubuhi steshenari nzima pale Mwanga haina intaneti ilhali hakuna aliyegusa kitu. Fungeni kanuni kwenye jina la kiolesura, tena ppp+ (yaani ppp yoyote) badala ya ppp0, kwa sababu laini ya zamani isipokatika sawasawa, mpya huweza kuja kama ppp1. Katika kugawa intaneti kwa mashine nyingine tumieni MASQUERADE, kanuni ya kuzificha nyuma ya anwani ya seva, ambayo hufuata anwani iliyopo wakati huo, si SNAT inayodai anwani moja ya kudumu. Panapolazimu kutaja anwani, iandikeni kupitia hati (script) ya /etc/ppp/ip-up, ambayo pppd, programu inayosimamia laini, huiendesha kila laini inapofunguka na kuipa anwani yetu ikiwa hoja ya nne.

Barua fupi zikipita na kurasa nzito zikakwama, ulizeni nani aliyeziba ICMP yote, yaani jumbe za mtandao za kuarifu hitilafu, ukiwamo ule unaosema pakiti ni kubwa mno. Wengi hufanya hivyo kwa kudhani ni usalama.

Na mkibadili kanuni za seva iliyoko Kasulu mkiwa mmeketi mjini, tumieni iptables-apply, ambayo husubiri mthibitishe kuwa bado mnaifikia mashine, na isipopata jibu hurudisha kanuni za awali, nanyi mkaepuka nauli ya kwenda kuifungua kwa mkono.