Wageni tumeshaishi nao, na ni hapa hapa Kongwa

Ndugu, unasema wakimbizi wakiwekwa karibu na wenyeji ugomvi hauepukiki, na kwamba sisi wa Dodoma tunaongea tu kwa vile hatujawahi kuishi nao. Tumeishi nao. Kuanzia miaka ya 1960 Kongwa ilikuwa na kambi za FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola, palepale Waingereza walipofeli na mradi wao wa karanga. Najua wale walikuwa wapigania uhuru, si waomba hifadhi wa kawaida, lakini walikuwa wageni kwa Wagogo na Wakaguru wa pale. Walizoeana, wengine wakazaa hapo, na damu hiyo ipo Kongwa mpaka leo.

Linganisha sasa na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi wakae eneo walilotengewa, kutoka mpaka kibali. Hawana mashamba ya kulima, kuni zikiisha wanaingia msitu wa kijiji, hapo ndipo panga linapotolewa. Lakini Warundi waliokimbia kwao mwaka 1972 wakapelekwa Ulyankulu, Tabora, walipewa mashamba wakalima wakauza. Wengi wao wakapewa uraia mwaka 2014.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia ili wakimbizi na wenyeji wapatane, nitasema maji. Kisima kikichimbwa kambini tu, huku mama wa kijijini anaswaga punda na madumu alfajiri, hata uitishe vikao vya ujirani mwema kila wiki hakuna atakayekuelewa. Weka bomba katikati, kamati ya maji iwe ya pande zote mbili, na gulio liwe moja.