Silva wote ni ndugu?

Hapana kaka, umeuliza kama wanasoka Bernardo Silva wa Ureno na Thiago Silva wa Brazil, na mwanasiasa wa Brazil Lula da Silva, ni ukoo mmoja, hawana undugu wowote. Silva ni Kilatini, maana yake msitu, zamani huko Ureno mtu aliitwa kwa sehemu anayotoka, kwa hiyo "da Silva" ni kama kusema wa msituni, na misitu ilikuwa kila mahali ndo maana jina likazagaa hivyo. Ila Brazil ndo kuna stori nzito, watumwa waliotolewa Afrika pamoja na wenyeji wa kule walibatizwa wakapewa majina ya Kireno, mara nyingi la bwana aliyewamiliki, na Silva likawa mojawapo linalogawiwa sana, yani mtu anapoteza jina la babu yake hivi hivi, inauma sana aisee. Sri Lanka nako wamejaa kina de Silva, Wareno walikaa pwani ya kule mpaka 1658. Hata Eusébio, yule mwanasoka wa zamani wa Ureno aliyezaliwa Msumbiji 1942, jina lake kamili ni Eusébio da Silva Ferreira, na hilo Ferreira linatokana na chuma.