Kabla Hujapewa Nywila: Kwa Mnaoanza Kulea Seva ya Mtaa

Wadogo zangu mnaojiunga nasi, neno la kwanza mtakalolisikia hapa Lamu ni kwamba seva yetu, yaani kompyuta inayohifadhi vitabu na mafaili na kuyagawa kwa mtaa mzima, "yajiendesha". Mwalimu anayewafungulia wanafunzi Wikipedia ya Kiswahili bila bando atawaambia hivyo. Katibu wa chama aliyeweka humo hesabu za michango naye atawaambia hivyo hivyo. Hata mwenye nyumba atayasema hayo, na yeye ndiye anayekatiza usingizi wa mchana kutufungulia mlango. Msibishane nao. Wanasema wanachokiona: kisanduku ndani ya kidaka, taa ya kijani inayomemeteka, na kurasa zinazofunguka.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali nzuri, ila imemtaja muundaji peke yake. Nendeni Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, mkaangalie jahazi: likishaundwa huvutwa pwani mara kwa mara, likatiwa kalafati, likapakwa deheni, na hao wanaofanya hivyo hatuwajui kwa majina. Kazi mnayoijia nyinyi ni ya hao. Kuiunda na kuiwasha seva ni kazi ambayo vijana wawili wenye kujua Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, wataimaliza katika wikendi. Kinachobaki baada ya hapo hakina mwisho, na ndicho kisichoonekana.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza mtakachokabidhiwa ni daftari la karatasi, lenye mistari ya kawaida. Mfano wa tunachoandika:

"Jumanne, baada ya isha. Chumba cha juu hakuna mtandao. Kichwa cha waya kimeota kutu ya kijani. Kimekatwa, kimefungwa kipya. Dakika 45. Watu wawili: mmoja kufunga, mmoja kushika tochi."

Huyo wa tochi anaandikwa. Nasisitiza kwa sababu ndiye wa kwanza kuachwa, na bila yeye fundi angekata nyuzi gizani. Hiyo kutu nayo muizoee: hewa yetu ina chumvi, shaba haiipendi, na upepo wa kusi ukishika kasi hakuna tundu lisilofikiwa. Juu ya hayo, kuta za nyumba za mawe ya matumbawe ni nene mno kwa wimbi la waifai, ndiyo maana tunapitisha nyaya kutoka chumba hadi chumba, na kila waya una vichwa viwili vya kuoza.

Andikeni pia safari ya betri. Betri nzito hushushwa kwenye gati la Mokowe, upande wa bara, ikavuka kwa boti, ikapandishwa juu ya punda mpaka mlangoni, kwa sababu gari haliingii kwenye vichochoro vyetu. Nahodha, hamali na mwenye punda wote wameitumikia seva siku hiyo. Kwenye risiti ya duka utaona bei ya betri tu.

Kazi kubwa kuliko zote lakini haina bisibisi. Ni kujibu watu. Bibi mmoja wa chama amesahau nywila. Kumrudishia ni suala la kubofya mara mbili. Ila kwanza umsalimie, umsikilize aeleze kwamba simu imechezewa na mjukuu, uhakikishe kweli ni yeye na si mwingine anayetaka kuchungulia hesabu, umchagulie naye nywila atakayoikumbuka, umwoneshe mahali pa kuiandika pasipofikiwa na huyo mjukuu. Saa nzima imepita, na kwenye kumbukumbu za mtambo utaona mstari mmoja tu: nywila imebadilishwa. Kazi hii kwetu huangukia akina dada zaidi, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kuwa ni mazungumzo tu. Siku hizi inaandikwa juu ya ukurasa, kabla ya mambo ya nyaya.

Mengine yanaenda kimya mpaka yagome. Vyeti vya usalama, vinavyoihakikishia simu kwamba imefika kweli kwenye seva yetu, tunavichukua bure kwa shirika la Let's Encrypt, na huisha ndani ya siku 90. Kuna programu ya kuvihuisha yenyewe, sawa, lakini intaneti ikikatika kwa muda mrefu wakati usiofaa haihuishi kitu, na watu hukutana na onyo jekundu kwenye simu. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota. Seva ya mtaani yenye vitabu vyake ndani yake husomeka hata siku kama hizo, na hapo ndipo sifa ya kujiendesha inapozidi kukua. Nyuma yake kuna mtu anayeangalia tarehe ya cheti kila wiki.

Mkitaka kujua uchovu wa mtu mmoja unavyoweza kuwa hatari kwa dunia nzima, someni kisa cha XZ Utils. Ni programu ndogo ya kubana mafaili, imo katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi iliangaliwa na Lasse Collin, kwa wakati wake mwenyewe, bila malipo. Mwaka 2022 watu walimsukuma kwamba anachelewa. Akajibu kuwa afya yake ya akili imekuwa ikimsumbua na kwamba ile ni kazi ya kujitolea. Aliyekuwa karibu kumsaidia alijiita Jia Tan. Alisaidia kweli, akaaminiwa, akapewa mamlaka, na mwaka 2024 akapenyeza humo mlango wa siri. Mhandisi Andres Freund aliugundua mwezi Machi kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kama nusu sekunde, naye hakulipuuza. Wengi hukisoma kama kisa cha wadukuzi. Mimi nakisoma kama kisa cha mzee wa zamu asiye na wa kumpokea.

Ndiyo maana sipendi tunavyolitumia neno kujitolea. Thawabu ipo, sikatai, lakini nauli ya boti hailipwi kwa thawabu. Kila mkutano wa mwezi tunasoma daftari kwa sauti, kisha saa zinaingia kwenye bajeti kando ya bei ya betri na bando, hata kama fedha za kuzilipa hazipo. Fomu za wafadhili huwa na mstari wa vifaa na hazina mstari wa watu. Uchoreni wenyewe kwa kalamu.

Matengenezo yafanyeni mchana. Najua vitabu vinasema usiku, watu wamelala. Sisi tunatangaza siku mbili kabla, tunakwepa majira ya mitihani, tunazima baada ya alasiri mlango ukiwa wazi, na anayepita akiuliza tunamwonesha. Saa moja ya usumbufu inafundisha mengi kuliko tangazo la ukutani.

Tahadhari moja: daftari linaonesha kazi, halioneshi watumiaji. Nani alisoma nini, nani alidaiwa kiasi gani, hayo hayaandikwi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka uvujaji wenye hatari ya kweli kwa wenye taarifa uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujulikane, na saa hizo hazingoji fundi arudi kutoka harusini Shela. Wala msitumie daftari kupimana nani ana saa nyingi. Tukiona jina moja limejaa ukurasa, hatulipigii makofi. Tunampumzisha na kutafuta wa pili.

Nywila kuu hamtapewa mara moja. Mtakaa kwanza kwenye meza ya maswali. Kisha mtaiwasha upya seva kwa kufuata maelekezo yaliyoandikwa, mzoefu akiwa kando, haruhusiwi kusema wala kugusa kibodi. Mtakapokwama, kasoro ni ya maelekezo: tunauandika upya mstari huo palepale, kwa maneno yenu, na jina la aliyeusahihisha linaingia pembeni yake.