Maswali na Majibu: Volkano Hai za Ukanda Wetu na Lava Zake

Kati ya maswali yaliyotufikia kuhusu volkano, tumechagua matano yanayohusu milima ambayo wasomaji wetu huiona kwa macho yao.

Nilipanda Ol Doinyo Lengai nikakuta kileleni mwamba mweupe kama chokaa. Kiongozi wetu alisema ni lava. Je, lava si nyeusi? (Msomaji, Arusha)

Kiongozi wenu alisema kweli. Lava ya Lengai hutoka ikiwa nyeusi au ya kahawia iliyokolea, nyepesi kama mafuta ya kupikia, lakini ikishapoa na kupata unyevu wa hewa au mvua huanza kupauka: kwanza mabaka meupe kwenye nyufa na kingoni, kisha mkondo mzima, kwa muda wa saa chache hadi siku kadhaa. Lava za volkano nyingine zote zilizo hai leo zina silika (kampaundi ya silikoni na oksijeni inayoifanya lava iwe nzito) kwa wingi, bali ya Lengai imejaa kaboneti za sodiamu na kalisi, yaani ni ndugu wa karibu wa magadi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, takriban nusu ya joto la lava ya kawaida, ndiyo maana mchana hupita kama tope jeusi na ni usiku tu ndipo wekundu wake hafifu huonekana. Moja ya madini yake makuu linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, na jingine gregoriiti, kwa jina la John Walter Gregory, mwanajiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa. Kwangu mimi hiyo ni fahari inayostahili kufundishwa katika kila darasa la jiografia.

Huenda pia mliona minara iliyochongoka mithili ya vichuguu. Hujengwa na matone ya lava yanayorushwa juu na kuangukiana yangali moto. Mingi ina uwazi ndani na kuta zake ni dhaifu, kwa hiyo asiwepo mtu wa kuiegemea wala kuipanda. Tena mlima huu si mpole wakati wote: Septemba 2007 ulianza kulipuka kwa nguvu na kurusha majivu, na milipuko hiyo, iliyoendelea hadi 2008, iliacha shimo refu mahali ambapo kabla yake kasoko, yaani bakuli la kileleni, ilikuwa imejaa lava hadi kufurika.

Mapango ya Chyulu yalichimbwa na maji? (Msomaji, Kibwezi)

Hapana, yaliachwa na lava. Mkondo wa lava unapoteremka, uso wake hupoa na kuganda kama utando juu ya uji, huku lava ya ndani, iliyokingwa na gamba hilo isipoteze joto, ikiendelea kutiririka. Chanzo kikikatika, ile iliyobaki humwagika mbele na kuacha handaki tupu. Pango la Leviathan katika vilima vya Chyulu, Kenya, lina urefu unaozidi kilomita 11. Miamba hiyo yenye matundu na nyufa hunywa mvua yote, na ndiyo sababu hamuoni mito juu ya vilima hivyo; maji huibuka chini, kwenye chemchemi za Mzima, na kutoka hapo sehemu yake husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa.

Kilimanjaro utalipuka tena? (Msomaji, Moshi)

Umelala, haujafa. Hakuna mlipuko wake uliowahi kuandikwa katika historia, ingawa kasoko ya Reusch kileleni Kibo bado hutoa gesi yenye harufu ya salfa. Hakuna dalili za kuamka kwake kwa sasa.

Mbona Mei 2021 Nyiragongo ilitumwagia moto bila sisi kuonywa? Wataalamu walikuwa wapi? (Msomaji, Goma)

Nakuelewa, na swali lako ni la haki. Katika volkano nyingi magma, yaani mwamba ulioyeyuka ambao bado uko ndani ya ardhi, hupanda kutoka chini sana, ikisukuma miamba njiani, hivyo ardhi huvimba na matetemeko huongezeka kwa siku au wiki kadhaa, na vipimo hunasa yote hayo. Nyiragongo ni tofauti. Tangu baada ya mlipuko wa 2002, kasoko yake ilikuwa na ziwa la lava, maana yake magma ilikuwa tayari imefika juu, ndani ya mlima wenyewe. Tarehe 22 Mei 2021 ubavu wa mlima ulipasuka na lava ikamwagika, kama mtungi uliojaa unavyovuja ukipata ufa. Haikuhitaji kusukumwa tena. Dalili za wazi zilinaswa kwa muda usiofika hata saa moja.

Lava yenyewe ina silika kidogo mno, kwa hiyo si nzito. Januari 1977 ziwa la wakati ule lilikauka kwa muda usiozidi saa moja, na lava ikashuka miteremkoni kwa kasi ambayo hakuna mtu angeweza kuikimbia. Mwaka 2002 ilikatiza mji wa Goma hadi Ziwa Kivu. Mwaka 2021 ilisimama Buhene, pembezoni mwa mji.

Baada ya lava kusimama, hali ilikuwa kinyume. Vipimo vya tetemeko na picha za rada za setilaiti vilionyesha magma ikipenya chini ya Goma kuelekea ziwani, nyufa zikatokea barabarani, na tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya mji wakaamriwa kuhama. Magma haikutoka, lakini naamini amri ile ilikuwa sahihi.

Mazuku ni mizimu kweli? (Msomaji, Sake)

Mazuku ni hewa ukaa inayovuja ardhini kupitia nyufa za lava ya zamani. Wanasayansi wa nchi nyingine nao wamelichukua neno hilo hilo na kuliandika katika tafiti zao. Hewa hiyo haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima anaweza kupita akiwa salama pale ambapo mbuzi, au mtoto anayemfuata nyuma, anaanguka, kwa sababu kichwa cha mtoto kiko chini ya usawa wa gesi. Ukikuta ndege na panya wamekufa ndani ya kibonde bila jeraha, usishuke, hata kama unataka kumwokoa aliyeanguka humo. Wengi wamekufa wakijaribu kufanya hivyo. Ita watu, na anayeshuka awe na kifaa cha kupumulia.