TRICARE na maziwa ya mtoto

Hongera kwa ujauzito, dada. Umeuliza kama TRICARE, bima ya afya ya wanajeshi na familia zao, ya mumeo hapo Marekani italipia pampu ya kukamua maziwa na maziwa ya kopo. Pampu inalipiwa, huchangii hata senti, mradi daktari akuandikie. Usingoje kujifungua, unaruhusiwa kuichukua kuanzia wiki ya 27.

Maziwa ya kopo ya kawaida hayalipiwi. Hayo yaombee WIC, mpango wa serikali unaoangalia kipato. Familia nyingi za askari wa vyeo vya chini hustahili, msione haya. Lakini mtoto akizaliwa na ugonjwa kama PKU, yaani wa kurithi ambapo mwili hauwezi kusaga sehemu ya protini, maziwa yake maalumu ni tiba: daktari aandike hivyo. Mkikataliwa, dai uamuzi wa maandishi, kisha mkate rufaa.