Hadithi za watoto kuhusu ubaguzi: zikague kuanzia mwisho

Ukitaka kujua kama hadithi ya ubaguzi inamfaa mtoto, fungua ukurasa wa mwisho kwanza. Aliyetengwa amekubaliwa kwa sababu gani? Mara nyingi ameokoa kijiji kizima, au ameibuka mrembo kuliko wote. Mtoto anaondoka akijua kuwa heshima ina bei. Hata yule kifaranga wa bata aliyechekwa kwa sura mbaya, katika hadithi maarufu ya Hans Christian Andersen wa Denmark (1843), yumo humo: anayebadilika ni yeye, waliomcheka wala hawajirudi. Ni hadithi tamu, ila wacheka sura wanabaki na hoja yao.

Kama unaandika, anza na kanuni, chuki itajileta yenyewe. Tuseme kondoo na mbuzi wana kisima kimoja, lakini kondoo hunywa kwanza. Kiangazi kikikaza, mbuzi wanakuta tope. Sasa sogea karibu: mbuzi anaachia kamba ya ndoo, kondoo anaifuta kabla ya kuishika. Basi, usieleze. Neno "ubaguzi" likitajwa tu, mtoto anasikia mahubiri na macho yanatoka kwenye kamba.

Kitabu cha picha kwa kawaida kina kurasa 32. Ukitoa zile za mwanzo, unabaki na jozi 12 hadi 14 za kurasa zinazotazamana, na maneno 500 hadi 800 yanatosha. Humo unaenea mgawanyiko mmoja tu. Ukichanganya rangi, utajiri na lugha, hakuna utakaoeleweka. Wengi pia hubana upatanisho kwenye jozi ya mwisho, wote wakakumbatiana. Upe jozi tatu: mmoja akatae, mwingine asitesite, kisha kanuni ya kisima ibadilike. Na abaki kondoo mmoja anayeendelea kufuta kamba.

Rasimu ikiisha, pigia mstari maneno ya aliyetengwa. Akiwa anasema wakati wa kulia na kushukuru tu, rudi mezani.

Wakati wa kusoma, tua mara moja au mbili, zaidi ya hapo unaiua hadithi. Wa miaka 4 hadi 6 muulize, "Ungekuwa mbuzi ungefanyaje?" Wa 8 na kuendelea: "Nani anafaidi sheria hii ikibaki?" Achana na "umejifunza nini", utajibiwa unachotaka kusikia. Akicheka kamba inapofutwa, usimkemee, muulize kinachochekesha. Na darasani, kama yupo mtoto anayefanana na aliyetengwa, swali lisianzie kwake.